Kumi Bora za Jikoni: Nembo na Filamu za Matangazo kwa Hesabu ya Mitwero

Kuna mtihani mmoja tu wa kupima kazi ya studio ya matangazo, na haufanyiki kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Televisheni iwe sebuleni, wewe uwe jikoni unakaanga changu. Mafuta yanalia, redio ya jirani imefunguliwa hadi mwisho, mtoto anadai chai. Tangazo linaanza. Je, unajua ni la nani kabla hujageuza shingo? Ukijua, studio imefanya kazi. Usipojua, mteja kaliwa hela.

Huku Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi, huo ndio mtihani wa haki, kwa sababu televisheni zetu husikilizwa zaidi ya zinavyotazamwa. Mtu yuko uani, yuko kwenye nyavu, yuko anabangua korosho, na sebule inaongea peke yake. Picha nzuri isiyo na sauti yake inaishia kwa mtoto aliyekaa sakafuni mbele ya kioo.

Basi nimepanga kumi, kuanzia ya mwisho kwenda ya kwanza. Zimeruhusiwa nembo zinazocheza kwenye kioo, filamu zilizolipiwa na kampuni au serikali, na alama yoyote iliyotengenezwa ili mwenyewe asisahaulike. Umri si kigezo. Mbele huko yuko mshindani wa karibu miaka mia saba, na mwingine mzee kuliko binadamu wote. Ubishi unaruhusiwa kuanzia mstari huu.

10. Dhahabu inayozunguka

Unaijua hata kama hujui jina lake. Mwanzo wa video ya harusi, mwanzo wa filamu ya Bongo, mwanzo wa tangazo la duka la simu: giza, cheche, herufi za dhahabu zinajizungusha, mwanga unapita kutoka kushoto, kishindo, halafu jina la studio. Kiolezo kilipakuliwa mtandaoni, jina likabandikwa. Kile kile kimetumika Masasi, Mwanza na Mombasa.

Vijana wenyewe sina ugomvi nao. Kompyuta yao moja inakesha ili itoe sekunde kumi hizo, na umeme ukikatika saa nane za usiku wanaanza upya. Ugomvi wangu ni na kishindo. Ukiwa jikoni unajua tu kwamba kuna mtu kaanza kitu.

Hukumu: jasho mia kwa mia, utambulisho sifuri. Kijana, kopa ngoma ya bibi yako, rekodi kwa simu, weka hapo penye kishindo. Umeshapanda nafasi tano.

9. Ukuta wa rangi tatu

Pita barabara ya kutoka Kibiti kuja Lindi, tafuta duka la zamani ambalo rangi imebanduka, usome historia ya mawasiliano. Juu kabisa nyekundu ya Airtel, iliyoingia 2010. Chini yake Zain, iliyoingia 2008. Ukikwangua zaidi unamkuta Celtel. Duka la jirani nalo lina ukoo wake: Mobitel akamzaa Buzz, Buzz akamzaa Tigo, na Novemba 2024 Tigo akawa Yas. Vodacom angalau alibaki na jina lake, akabadili nguo tu 2011, kutoka bluu kwenda nyekundu.

Kila kubadilishwa jina kulikuja na filamu yake, na katika kila filamu vijana waliruka juu wakicheka. Jamani, kampuni ikibadili jina kwa nini lazima vijana waruke? Mama muuza vitumbua ndiye aliyejifunza kutamka jina jipya na kulielekeza kwa wateja, na hakuruka hata kidogo. Mpeni yeye tangazo.

Hukumu: rangi nyingi, kumbukumbu fupi. Mshindi wa kweli hapa ni fundi rangi, maana yeye alilipwa mara zote tatu.

8. Posta, 1935

Hii itawashangaza wanaodhani filamu ya kutangaza huduma ilikuja na intaneti ya kasi. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35, waigizaji wakiwa wenyeji, sauti ikiwa kwenye santuri inayopigwa pembeni ya mashine, kisha wakazizungusha kwa gari Afrika Mashariki na ya Kati.

Mojawapo ya kazi zao iliitwa Post Office Savings Bank. Soma hadithi yake uniambie kama hujawahi kuiona juzi: mtu mmoja anafukia pesa zake ardhini, mwizi anazichimbua, mwenzake anaziweka posta, zinabaki salama. Ibadilishe posta iwe pesa za kwenye simu, mpe yule mjinga miwani ya jua, una tangazo la mwaka huu.

Nimeishusha hadi namba nane kwa sababu moja. Waliotengeneza walimhesabu mtazamaji kuwa mtoto wa kufundishwa, na ukitazama kazi ya namna hiyo unahisi kidole kinakunyooshea. Hukumu: hadithi haijachoka hadi leo, heshima ndiyo ilikosekana.

7. Royal Tour

Najua hapa ndipo wengine watasimama. Tulieni.

Tanzania: The Royal Tour ilizinduliwa New York tarehe 18 Aprili 2022. Rais Samia Suluhu Hassan ndiye mwongoza watalii, mwandishi wa Kimarekani Peter Greenberg ndiye mgeni. Kwa uzito wa mhusika mkuu hakuna filamu ya kutangaza nchi yetu iliyowahi kuifikia. Mpango wenyewe ni wa Greenberg, na alishafanya hivyo na wakuu wa nchi nyingine, Rwanda ikiwemo, kwa hiyo mfupa wa hadithi ni ule ule: kiongozi, gari, mnyama, chakula, machweo.

Kinachoipa pointi ni Mama mwenyewe, kwa sababu sauti yake inajulikana hata ukiwa jikoni na bomba limefunguliwa. Kinachoinyima pointi ni kwamba picha zinazotawala akili ya mtazamaji ni Kilimanjaro, Serengeti na Zanzibar, ambazo zilishajulikana. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, na bado ukimuuliza mgeni uwanja wa ndege wa Dar anadhani Kilwa ni jina la barabara.

Hukumu: nyota mkubwa, ramani fupi. Sehemu ya pili ianzie kusini, tena kwa jahazi.

6. Siri ya Mtungi

Tamthilia ya 2012, kazi ya MFDI Tanzania, kwa fedha za Wamarekani za kupambana na UKIMWI. Mhusika mkuu, Cheche, ni mpiga picha wa studio Bagamoyo. Yaani studio imelipwa kutengeneza hadithi ya mtu mwenye studio! Kabla yake nyumba hiyo hiyo ilitoa Chumo, 2011, kuhusu malaria kwa wajawazito, na pwani yake ni pwani ya kweli yenye mvuvi mwenye njaa na mapenzi.

Ujumbe ulilipiwa, lakini waandishi waliuficha ndani ya umbea, na umbea ndio unaomtoa mtu jikoni. Hukumu: somo limemezwa bila maji. Haya, mbele.

5. Tinga Tinga Tales

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 Tunduru, majirani zetu wa huku kusini. Akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwa rangi za mafuta kwenye mbao za dari, akiuza Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu. Alifanya kazi hiyo miaka minne tu.

Mtindo wake ukaishi. Mwaka 2010 ukawa katuni: Tiger Aspect ya London kwa upande mmoja, studio ya Homeboyz ya Nairobi kwa upande mwingine, vipindi 52 vya CBeebies na Disney. Tembo wa madoadoa, twiga mwenye shingo iliyopinda, vyote vikatembea. Pembeni ya kioo, hata ukipita mbio na sufuria mkononi, huwezi kudhani ni katuni ya mtu mwingine. Studio ngapi duniani zinaweza kusema hivyo?

Sasa hapa tubishane kwa sauti. Wakenya waliichora vizuri, na hongera zao ninazitoa kwa mikono miwili. Ila mtindo ulizaliwa na mtoto wa Tunduru, ukauzwa Dar, ukachezeshwa Nairobi, ukalipiwa London. Kila kituo kilipanda thamani, na kituo cha kwanza ndicho kilichobaki na kidogo. Ningeipa namba tatu kama ingetutikisa kwanza kwa Kiswahili, huku ulikotoka.

Hukumu: macho yameshinda, masikio yanasubiri.

4. Akili wa Ubongo

Ubongo ni nyumba ya katuni ya Dar es Salaam. Ubongo Kids ilianza kuonekana TBC1 mwaka 2014, hesabu na sayansi kwa nyimbo, na mtoto aliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi kwa simu ya mzazi. Kisha akaja Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye akilala anaingia nchi ya ndoto na kuwakuta kina simba mdogo na kiboko.

Kwa mtihani wetu, hii imefaulu bila kusahihishiwa. Mtoto wa jirani yangu anaimba herufi akiwa msalani. Hakuna kampuni ya simu iliyofika huko.

Wapo watakaosema Ubongo si studio ya matangazo. Nakubali nusu. Lakini tazama kinachofanya kazi pale: mhusika mmoja, sauti moja, jina lenye herufi tano ambalo kila mama Mswahili anaweza kulitamka. Wateja wangapi wamelipa mamilioni wakitafuta hicho, wakaondoka na dhahabu inayozunguka?

Hukumu: Akili jina, akili kazi.

3. Sarafu za Kilwa

Nilikuahidi mzee, ndiye huyu. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14 na kumpokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, alikuwa na sarafu za shaba. Ishike mkononi kama mbunifu anavyoshika kazi ya mpinzani wake. Ni kipande kidogo, chembamba, kimejaa maandishi ya Kiarabu hadi ukingoni. Upande mmoja jina la mtawala. Geuza: maneno ya kumtegemea Mungu, na mwisho wake una kina kile kile cha jina. Sarafu ina vina! Tarehe haina, mahali ilipotengenezwa haitaji. Mtawala aliamini kwamba jina na kina vinatosha.

Vilitosha. Sarafu yake imeokotwa Great Zimbabwe. Na mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake, na tano kati ya hizo zilikuwa za Kilwa. Zilifikaje? Wataalamu bado wanabishana, na mimi nawaacha waendelee. Ninachokitaka ni kimoja: zilipookotwa, bado ziliweza kusema ni za nani.

Wapwani tumeendelea na somo hilo bila kufundishwa. Kanga za Mali ya Abdulla za Mombasa, biashara iliyoanza 1887, zina jina la mwenyewe na usemi kwenye nguo moja, na mwanamke akipita sokoni ametangaza mara mbili.

Hukumu: nembo bora ya pwani hii, na ingekuwa namba mbili kama si huyu anayefuata, ambaye ni mrefu mno kukaa nyuma ya mtu.

2. Mjusi wa Tendaguru, aliyetembezwa Berlin

Kilima cha Tendaguru kiko kilomita kama 60 kutoka mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, na wabebaji wetu wakaileta kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani; mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Mkubwa wao, Giraffatitan, amesimamishwa kwenye Museum für Naturkunde mjini Berlin tangu 1937, urefu wa kwenda juu mita 13.27.

Sasa sikiliza upande wa studio. Mwaka 2007 makumbusho hayo yalipofunguliwa upya, studio ya Berlin iitwayo ART+COM ilitengeneza darubini za kuwatazamia wanyama wale. Unaweka jicho, unaielekeza kwenye mifupa, na mifupa inaanza kuvaa: viungo vya ndani vinaingia, misuli inafuata, ngozi inafunika, halafu mnyama anapumua, anageuza shingo, anaondoka zake kwenye msitu wake wa zamani. Ukiondoa jicho, mifupa imesimama pale pale.

Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote za picha kwenye orodha hii, na sipunguzi neno. Mteja alikuwa na mifupa, studio ikampa mnyama. Haikumwongezea miwani, haikumfanya acheze muziki. Ilimpa mwendo wake.

Na hapa ndipo moyo wangu unapochemka. Mtoto wa Berlin amemwona mjusi wa Lindi akitembea. Mtoto wa Mitwero, ambaye babu wa babu yake huenda alibeba mfupa kichwani kupita njia hizi, hajamwona hata kwenye ubao wa kukaribisha wageni mjini. Tunabishana kila mwaka kama mifupa irudishwe. Wakati tunabishana, katuni haihitaji meli! Kijana mwenye kompyuta na mchoraji mmoja wanaweza kumtembeza mnyama yule ufukweni kwa Kiswahili, na manispaa ikapata nembo ambayo hakuna mji mwingine Tanzania unaweza kuiiga.

Hukumu: dhahabu kwa Berlin, deni kwa Lindi.

1. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa

Mmeshaanza kuzisikia kichwani, na sijaandika hata sentensi ya pili.

Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma kipofu wa Lindi. Alikaa katikati ya ngoma zake nyingi na kuzipiga peke yake, mikono miwili ikifanya kazi ya kikosi kizima. Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ikazitumia kutangulia taarifa ya habari. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo hapakuwa na kioo wala herufi za kuzungusha. Kulikuwa na ngozi iliyowambwa, na ilitosha. Zikilia, mzee anaacha bao, mama anapunguza moto, watoto wanaambiwa nyamazeni. Kisha ndipo msomaji wa habari anapewa nafasi ya kusema.

Walinganishe. Netflix wana mipigo miwili na dunia nzima inawasifu, na ni kweli ni mipigo mizuri. Mzee Morris alitoa mazungumzo kamili: ngoma ndogo inauliza, kubwa inajibu, mwendo unapanda, na unajua kuna jambo. Kampuni za simu zilibadili majina matatu, ukuta ukachoka. RTD yenyewe ikageuka TBC, nembo ikachorwa upya, mitambo ikabadilishwa. Ngoma hazikuguswa.

Mtihani wa jikoni? Huyu ndiye aliyeutunga. Mtu asiyeona alitengeneza utambulisho wa taifa kwa kitu alichokuwa nacho kwa ukamilifu, yaani sikio, na hakumdai msikilizaji ageuze shingo. Studio zetu leo huanza na rangi, zikafuata herufi, zikafuata droni, na usiku wa mwisho kabla ya kukabidhi kazi mtu anauliza, "Muziki tunaweka gani?" Mzee Morris alianzia pale wanapomalizia.

Hukumu: mwana wa Lindi, wa kwanza Tanzania, na mimi nimesimama nikiandika.

Kwa hiyo nyinyi wa vyama vya ushirika vya korosho na ufuta, nyinyi mnaopokea meli za watalii Kilwa Kisiwani, na nyinyi wa manispaa: mkienda kuagiza filamu, wapeni kwanza vijana wa huku, na mkataba useme sauti irekodiwe hapa kabla hamjachagua rangi. Wapiga ngoma wapo, waimbaji wa unyago wapo, na bei yao haizidi ya kukodi droni siku mbili.

Na wewe uliyejaa hoja tangu namba saba, karibu Mitwero tubishane. Sharti ni moja: namba moja yako usinionyeshe kwenye simu. Iigize kwa mdomo. Nikiitambua kabla hujamaliza, napanga orodha upya.